Uponaji Si Uponyaji: Istilahi za Mageuko ya Mwili katika Bunilizi za Kisayansi

Utangulizi

Tuseme mwandishi kijana anayekaa Nkuhungu, mojawapo ya kata za Jiji la Dodoma, amekusudia kutunga hadithi ya kisayansi kwa Kiswahili. Anataka kusimulia habari za watu wa kubuni, wakazi wa uwanda huu huu wa kati, ambao baada ya maelfu ya miaka miili yao imepata sifa ya ajabu. Mtu wao akichomwa na mwiba wa mgunga asubuhi, jioni hana alama. Akikatwa kidole, kidole huota kingine. Mwandishi wetu anaanza hivi: "Uponyaji wao ulitokana na mageuzi." Sentensi hiyo ni fupi, na maneno yake yote ni ya Kiswahili kinachokubalika. Hata hivyo imekwisha kuipotosha hadithi kabla haijaanza, kwa kuwa maneno mawili makuu yaliyomo yanasema kinyume cha jambo analotaka kulieleza.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kosa hilo limekaa wapi, na kupendekeza istilahi chache zitakazomsaidia mwandishi wa namna hiyo, pamoja na mwalimu, mfasiri na mhariri. Huenda msomaji akauliza: kuna haja gani ya kushughulikia istilahi za hadithi, hali shule na hospitali zingali zinahitaji istilahi? Jibu letu ni kwamba istilahi haiishi ndani ya orodha. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na tangu mwaka 1974 likaanza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Maneno yamepatikana kwa maelfu. Lililo adimu ni mahali pa kuyatumia nje ya darasa na ofisi, na hadithi ni mojawapo ya mahali hapo. Mtu asiyefungua kamusi ya biolojia mwaka mzima huweza kusoma hadithi nzuri kwa usiku mmoja, na asubuhi akaamka na maneno kumi mapya kinywani.

Fasihi yetu haikosi nchi za kubuni. Shaaban Robert alitupa Kusadikika mwaka 1951, nchi inayoelea angani. Katama Mkangi wa Kenya akatupa Walenisi mwaka 1995, sayari inayofikiwa kwa chombo cha angani. Hapa tunazungumzia jambo jingine kidogo: kubuni mwili, na kuubuni kwa kufuata kanuni za viumbe hai.

Mtenda aliyejificha ndani ya kitenzi

Tutazame kwanza neno "uponyaji". Kitenzi chake ni ponya, nacho ni kauli ya kutendesha ya pona. Tukisema "mgonjwa amepona", hatukutaja mtu mwingine yeyote. Tukisema "amemponya mgonjwa", papo hapo msikilizaji huuliza: nani? Lazima awepo mponyaji, awe daktari, mganga, dawa, au Mwenyezi Mungu, kulingana na jambo lisemwalo na imani ya msemaji. Waumini huomba uponyaji, nao hawakosei, kwani wanamwomba Mponyaji. Neno hilo lina mahali pake, wala hatukusudii kuliondoa hapo.

Lakini nyama inayojiunga yenyewe chini ya kigaga, usiku, mwenye mwili akiwa amelala, haina mponyaji. Hapo panahitajika nomino itokanayo na pona, si na ponya. Kiswahili kina njia yake tayari: kutokana na kua tuna ukuaji, na hakuna anayedhani kwamba ukuaji wa mtoto una mtu anayeusukuma. Kwa njia hiyo hiyo, kutokana na pona tunapata uponaji, yaani mwendo wa mwili kujirudisha katika hali njema baada ya kudhurika.

Neno la pili, "mageuzi", lina kasoro ya namna ile ile. Mageuzi hutokana na geuza, na kugeuza ni tendo la mtu mwenye nia. Tunasema mageuzi ya kilimo, mageuzi ya elimu. Tunasema pia mageuzi ya kisiasa yaliyorejesha mfumo wa vyama vingi nchini Tanzania mwaka 1992. Katika hayo yote walikuwapo watu waliokaa, wakajadili, wakaamua. Mabadiliko ya viumbe kizazi baada ya kizazi hayakuamuliwa na kikao. Viumbe hugeuka, kwa hiyo jina la jambo hilo ni mageuko, kutokana na geuka.

Tofauti hii ya z na k, au ya ny na n, yaweza kuonekana kuwa ndogo mno. Kwa maoni yetu ndiyo inayobeba fundisho lote. Watu wengi, hata waliosoma, hudhani kwamba viumbe hupata sifa kwa sababu walizihitaji: twiga alitaka majani ya juu, shingo ikarefuka. Sarufi ya Kiswahili inaweza kumwondolea mwanafunzi dhana hiyo potofu kabla mwalimu hajafungua kinywa, mradi tuchague kitenzi kisicho na mtenda. Sentensi ya mwandishi wetu wa Nkuhungu inapaswa kusomeka hivi: "Uponaji wao ulitokana na mageuko."

Kuna pingamizi tunaloliheshimu. Shuleni limekwisha zoeleka neno "uteuzi asilia", na kuteua nako ni tendo la mwenye nia. Je, tulikatae nalo? Hatuoni hivyo. Neno lililokwisha kukaa vitabuni na katika mitihani haling'olewi kwa sababu ya usafi wa sarufi peke yake. Gharama ya kulibadili ni kubwa kuliko faida. Tunachoomba ni kwamba kila linapotajwa kwa mara ya kwanza lielezwe: hapa hapana mteuzi, wenye sifa fulani waliishi wakazaa, na wasio nayo walizaa wachache.

Neno moja, mambo manne

Tukishapata neno uponaji, hatuna budi kuuliza lina mambo mangapi ndani yake. Kiswahili ni tajiri kwa majina ya madhara: kuna mkwaruzo, mchubuko, jeraha, kidonda, na donda ndugu lisilokubali kufunga. Kina pia majina ya alama za njiani: usaha, kigaga, kovu. Upungufu uko katika majina ya mwendo wenyewe. Kwa kawaida tunasema "kidonda kimepona", na neno hilo moja hubeba mambo manne yaliyo mbalimbali.

Jambo la kwanza ni kukoma kwa damu: mishipa hujibana na damu huganda. La pili ni uvimbe: mahali huwa pekundu, pa moto, panauma, kwa kuwa seli za ulinzi zimekwenda kupambana na vijidudu na kusafisha mabaki. La tatu ni uzibaji: seli za ngozi hutambaa kutoka kingoni, na chini yake hujazwa nyama changa na mishipa mipya. La nne ni ukomavu: nyuzi za protini iitwayo kolajeni hupangwa upya kwa miezi mingi, na mwisho wake ni kovu.

Mtu anayeambiwa "umepona" siku ya uzibaji huenda akarudi shambani kesho yake na kulipasua jeraha, kwa kuwa jambo la nne ndiyo kwanza linaanza. Hata likiisha, kovu halifikii uimara wa ngozi ya asili. Kwa kawaida huishia kwenye asilimia 80 hivi. Tena kovu halina vinyweleo wala tezi za jasho. Kovu ni kiraka: nguo haipitishi upepo tena pale, lakini haikurudi kuwa nguo mpya.

Hapa ndipo tunapokuta jambo la tano, ambalo si la watu wazima bali ndilo analolitamani mwandishi wetu. Nalo ni kurudisha kiungo au ngozi kama ilivyokuwa, pamoja na vinyweleo, tezi na gegedu, bila kovu. Jambo hili halina budi kupewa jina lake. "Uzalishaji upya" hutupeleka kwenye uzazi na viwanda. "Ufufuaji" hutupeleka kwa wafu. Watu wenyewe husema jino limeota, ndevu zimeota, mkia wa mjusi umeota tena. Tunapendekeza basi "uotaji-upya". Ni kweli kwamba kuota kuna maana nyingine: mtu huota ndoto, huota moto, huota jua. Lakini neno "upya" lililofuata huondoa shaka, kwani hakuna anayesema ameota-upya akimaanisha ndoto.

Mifano iliyo jirani

Vitabu vya kigeni, vikieleza uotaji-upya, aghalabu huanza na salamanda. Mnyama huyo hayuko kwa asili katika Afrika kusini ya Sahara, na mwanafunzi wa Dodoma hajapata kumwona. Haifai kumfundisha mtu jambo geni kwa mfano mgeni, hali mifano ya jirani ipo.

Wa kwanza ni mbuyu, mti unaojulikana sana katika uwanda wa kati. Miti mingi ikibanduliwa gome kuzunguka shina lote hukauka. Mbuyu hubanduliwa gome kwa ajili ya nyuzi, nao ukaotesha gome jingine na kuendelea kuishi, ingawa alama za kubanduliwa hubaki. Mfano huu wa mmea unatufundisha kwamba hata uotaji-upya una daraja: gome limerudi, umbo la awali halikurudi lote.

Wa pili ni mjusi kafiri akaaye ukutani. Akishikwa mkia, huuacha ukichezacheza na yeye akakimbia. Kisha huota mwingine. Lakini mkia mpya hauna pingili za mfupa kama ule wa kwanza. Ndani yake mna bomba la gegedu. Mjusi amelipwa, lakini hakulipwa sarafu ile ile.

Wa tatu ndiye wa ajabu kuliko wote, tena ni mnyonyeshaji kama sisi. Ni panya mdogo wa Afrika mwenye nywele ngumu mgongoni, ambaye hapa tutamwita panya-miiba. Mwaka 2012 Ashley Seifert na wenzake walitoa katika jarida la Nature matokeo ya uchunguzi wao juu ya aina mbili za panya hao kutoka Kenya, waliokamatwa katika vilima vya mawe vya Laikipia. Panya-miiba akikamatwa na adui, ngozi yake hutoka kama gamba la ndizi, naye hukimbia. Huweza kupoteza hadi asilimia 60 ya ngozi ya mgongo na kuishi. Kisha ngozi hurudi upesi, ikiwa na nywele na tezi, bila kovu la kawaida. Wachunguzi hao waliwatoboa masikio matundu ya milimita 4. Matundu yakaziba kwa ngozi, vinyweleo na gegedu. Tundu kama hilo katika sikio la panya wa kawaida wa maabara hubaki tundu, limezungukwa na kovu.

Mwandishi wa bunilizi akisoma habari hiyo hufurahi, kwani imethibitika kwamba mwili wa mnyonyeshaji waweza kufanya jambo hilo. Asome basi na sehemu ya pili. Ngozi ya panya-miiba ni dhaifu mara 20 kuliko ya panya wa kawaida inapovutwa, na nguvu ihitajikayo kuichana ni pungufu mara 77. Kiumbe huyu anapona upesi kwa sababu anachanika upesi. Sifa mbili hizo zimekwenda pamoja, na atakaye moja apokee na nyingine.

Nyani, kima, tumbili na sisi

Je, binadamu amekwenda upande gani? Jibu lililopatikana hivi karibuni limewashangaza wengi. Aprili 2025 Akiko Matsumoto-Oda wa Chuo Kikuu cha Ryukyus, Japani, pamoja na wenzake, walitoa matokeo ya kulinganisha kasi ya kufunga kwa majeraha ya ngozi. Kwa upande wa wanyama walipimwa, nchini Kenya, wale ambao Kiswahili kinawatofautisha vyema kwa majina: nyani, kima na tumbili. Walitazamwa pia sokwe waliotunzwa Japani, panya wa maabara, na binadamu waliokuwa wameondolewa vivimbe vya ngozi hospitalini. Jeraha la wanyama hao lilifunga kwa kiasi cha milimita 0.6 kwa siku. La binadamu kwa milimita 0.25 tu. Sokwe, jamaa yetu wa karibu zaidi, hakutofautiana na nyani. Kwa hiyo yaelekea kwamba upole huu wa kupona ulitufika sisi baada ya ukoo wetu kuachana na wa sokwe.

Sababu haijathibitishwa, lakini wachunguzi hao walitoa dhana inayoingia akilini. Seli zinazofunga jeraha la ngozi hutoka kwa wingi katika vinyweleo. Binadamu alipoteza manyoya, akapata tezi nyingi za jasho na ngozi nene zaidi. Jasho lilimwezesha kutembea na kufanya kazi juani saa ambazo wanyama wengine wamelala kivulini. Huenda basi tulilipa kasi ya kupona ili tununue jasho. Tena walidokeza kwamba kusaidiana kwa watu na matumizi ya dawa huenda kulipunguza hasara hiyo: aliyejeruhiwa aliletewa maji na chakula na wenziwe, akaishi hadi jeraha lake la polepole likafunga.

Tunaona katika dhana hiyo habari kubwa kwa mwandishi. Mageuko hayapandi ngazi kutoka udhaifu kwenda uwezo. Binadamu ndiye aliyegeuka karibuni, na katika jambo hili amegeuka akawa mwepesi wa jasho na mzito wa kupona. Neno "maendeleo", ambalo baadhi ya waandishi hulitumia mahali pa mageuko, linafaa kuepukwa kabisa.

Binadamu naye ana mabaki ya uwezo huo. Mimba changa ikipata jeraha hupona bila kovu. Sifa hiyo hutoweka kadiri mimba inavyokua. Mtoto mdogo aliyekatika ncha ya kidole, sehemu ya kucha, huweza kuota ncha nyingine endapo jeraha litatunzwa na kuachwa wazi bila kushonwa. Jambo hilo liliandikwa na madaktari wa Sheffield, Uingereza, katika miaka ya 1970. Ini la mtu mzima likikatwa sehemu kubwa, sehemu iliyobaki hukua hadi kukaribia ukubwa wa awali, ingawa umbo lake halirudi. Hayo ni malighafi ya kutosha kwa mtunzi asiyetaka kutegemea miujiza.

Gharama ya sifa

Turudi sasa Nkuhungu. Mwandishi wetu amepata maneno na mifano. Atawajengaje watu wake? Yapo mambo matatu ambayo uteuzi asilia hauwezi kwenda bila hayo: watu watofautiane katika sifa, tofauti hiyo irithiwe, na wenye sifa hiyo waache watoto wengi kuliko wasio nayo. Sisi tunaongeza la nne, ambalo hadithi nyingi hulisahau: sifa iwe na bei. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Afrika Mashariki yenyewe inatupa mfano wa bei hiyo. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyefanya uchunguzi wake katika eneo letu, alionyesha kwamba mtu aliyerithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Aliyeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili huugua ugonjwa wa selimundu. Jeni ile ile humlinda mmoja na kumtesa ndugu yake. Kwa njia, "selimundu" ni istilahi tunayoweza kujivunia: seli yenye umbo la mundu. Mama asiyejua maana ya jeni anaielewa akichorewa picha moja tu. Nayo ilipoanza ilikuwa ngeni masikioni, kama uponaji utakavyokuwa.

Kuhusu muda, mwandishi asiogope kutumia miaka elfu chache. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2007 na Sarah Tishkoff na wenzake, juu ya makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan, ulionyesha kwamba uwezo wa watu wazima kumeng'enya maziwa ulienea miongoni mwa wafugaji wa eneo hili ndani ya miaka 7,000 hivi iliyopita. Tukihesabu kizazi kuwa miaka 25, hivyo ni vizazi 280. Lakini hilo lilikuwa badiliko dogo la jeni. Kurudisha kidole kizima kunahitaji mabadiliko mengi yaliyoshikana, na mwandishi mwangalifu atawapa watu wake muda mrefu zaidi.

Sasa bei. Akitaka njia ya panya-miiba, watu wake watakuwa na ngozi ya kuchanika. Hawatabeba mzigo wa kuni kichwani wala kamba begani bila kutokwa damu. Akitaka njia ya nyani, atawarudishia manyoya na kuwapunguzia jasho. Basi hawataweza kulima adhuhuri katika jua la Dodoma, na desturi zao zote, soko, harusi na mazishi, zitakuwa za alfajiri na usiku. Akitaka seli zinazogawanyika upesi, akumbuke kwamba seli zisizojua kukoma ndizo saratani. Hata kovu lililotuna likavuka mipaka ya jeraha, linalowapata zaidi watu wenye asili ya Kiafrika, ni uponaji uliokosa breki. Kupona kwingi si lazima kuwe kupona kwema.

Na kuna bei kubwa kuliko zote, ambayo uwanda huu unaijua. Nyama mpya hujengwa kwa chakula. Mtu mwenye utapiamlo hupona polepole hata leo, kwa kuwa mwili hauna protini ya kujengea. Miaka ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kuchukua nafaka, mifugo na watu, na mvua kukosekana, Ugogo ilikumbwa na njaa inayokumbukwa kwa jina la Mtunya. Watu wengi mno walikufa. Tujiulize: watu wa kubuni wa mwandishi wetu, ambao miili yao hudai chakula zaidi ili ijijenge upesi, wangeupitaje mwaka kama ule? Yumkini wangekufa wa kwanza. Jamii ambayo haiogopi simba wala mwiba, bali huogopa ghala tupu kuliko majirani zake wote, hiyo ni hadithi. Mtoto aliyejikata akafichwa na mama yake, ili jeraha lisimlie akiba ya nafaka, huyo ni mhusika. Sayansi hapa haikumfunga mtunzi mikono, imempa kisa.

Istilahi tunazopendekeza

Kwa muhtasari tunaweka mbele ya wasomaji istilahi zifuatazo, pamoja na maana zake.

Uponaji: mwendo wa mwili kujirudisha katika hali njema baada ya kudhurika, bila kutaja mtenda.

Uponyaji: tendo la mponyaji kumfanya mtu apone. Libaki kwa tiba na ibada.

Uzibaji wa jeraha: kufunga kwa ngozi juu ya jeraha. Si mwisho wa uponaji.

Ukomavu wa kovu: kupangika upya kwa nyuzi za kovu baada ya uzibaji.

Uotaji-upya: kurudi kwa kiungo au ngozi pamoja na sehemu zake za asili, bila kovu. Ukirudi kwa upungufu, kama mkia wa mjusi, uitwe uotaji-upya pungufu.

Mageuko: mabadiliko ya viumbe kizazi baada ya kizazi yasiyo na mwamuzi. Lisichanganywe na mageuzi wala maendeleo.

Uteuzi asilia: kuongezeka kwa sifa kwa sababu wenye nayo huacha wazao wengi. Lielezwe kila litokeapo mara ya kwanza.

Gharama ya sifa: hasara inayofuatana na sifa yenye faida.

Bunilizi ya kisayansi: hadithi iliyobuniwa kwa kufuata, au kwa kupanua, kanuni za sayansi.

Hatudai kwamba orodha hii imekamilika, wala kwamba kila neno lililomo ni bora kuliko mengine yanayoweza kupatikana. Tunajua pia kwamba lugha za uwanda wa kati, na nyinginezo za Kibantu, zina vitenzi vya kufunga kwa kidonda na kuota kwa gome ambavyo huenda vikatufaa kuliko hivi vyetu, wanaozijua watuletee. Tunachokisisitiza ni jambo moja. Pale Kiswahili kinapotupa kauli mbili za kitenzi, moja yenye mtenda na nyingine isiyo naye, tusizichague kwa kubahatisha. Muuguzi anayemwambia mgonjwa "jeraha limeziba, bado halijapona" amemwepusha na madhara. Mwalimu anayesema "mageuko" amemwepusha mwanafunzi na miaka ya kuelewa vibaya. Na yule mwandishi wa Nkuhungu, akiibadili sentensi yake ya kwanza, atakuwa amejipa swali ambalo kurasa zote zinazofuata zitalijibu: ikiwa hakuna aliyewaponya watu hawa, ni nini walichokilipia?